Siku Tatu za Kumngoja Bibi

Jirani yetu hapa Bigwa ana mfenesi ulioinamia upande wetu, na kila msimu ananiletea tunda zima kwa moyo mweupe. Ninalipokea, ninashukuru, nikishafunga mlango ninamwambia binti yangu alipeleke nyumba ya nyuma kabla harufu haijaingia kwenye mapazia. Nyumbani kwangu wanajua mama yao hali fenesi. Wanadhani linanisumbua tumbo, nami nimewaacha wadhani hivyo, maana ukweli wake haunipendezi. Mtu aliyelea watoto kwa kuwagombeza "sema kweli" kila siku anaona haya kuanza kueleza uongo wake mwenyewe wa darasa la tatu. Lakini tangu tumzike mama nimeona nikiendelea kunyamaza nitakuwa mwongo peke yangu, na hilo ni baya zaidi.

Tuliishi Matombo, kwenye nyumba ya Bibi Apolonia, mama mzaa mama. Kwa Mluguru hilo halihitaji maelezo: nyumba ni ya upande wa mama, shamba ni la upande wa mama, na baba ni mgeni wa heshima. Baba yangu alikuwa ameshauchoka hata huo ugeni. Kwa hiyo tulikuwa watatu, Bibi, mama na mimi, na mjomba, kaka yake mama, alikaa mlima wa pili akawa anakuja kila Jumapili baada ya misa kuangalia kama bado tunapumua. Nyumba ilikuwa ubavuni mwa mlima, migomba juu yake, migomba chini yake, na miti michache ya mdalasini ambayo sisi watoto tuliibandua magome kwa meno. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka choo kikawa hakionekani, na ukikitafuta unakitafuta kwa kumbukumbu.

Bibi alikuwa mwanamke wa kupandisha mkungu wa ndizi kichwani huku anazungumza. Mwaka huo kifua kikamlaza. Alilala kwenye kitanda cha kamba chumba cha mbele, macho yameingia mtoto wa jicho, lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Siku za gulio mama alipokwenda kuuza ndizi na pilipili manga, mimi ndiye nilibaki naye. Agizo la mama lilikuwa moja, na alilisema akiwa tayari na mzigo kichwani: "Usitoke uwanjani. Bibi akiita, itika mara ya kwanza."

Bibi aliita! Aliita kwa ajili ya maji, aliita kwa ajili ya kuku aliyeingia ndani, aliita kuuliza jua limefika wapi na nani huyo amepita njiani anakohoa. Kila akiita ilinibidi niseme "Abee, Bibi" na nisimame mbele yake, kwa sababu kuitikia ukiwa mbali aliona ni utovu wa adabu. Mara nyingine nilikimbia mpaka kitandani, nikasimama, naye akasema tu, "Basi, nilitaka kujua kama upo." Hiyo ndiyo iliniudhi kuliko zote. Mtoto wa miaka tisa hajui kwamba mtu anaweza kuogopa. Nilidhani ananichezea.

Jumapili moja mjomba alileta fenesi kubwa akaliweka nyuma ya jiko, akasema lisiguswe mpaka liive vizuri, atakuja kulipasua mwenyewe. Siku ya gulio iliyofuata lilikuwa limeiva, na mimi nilikuwa na panga. Nililipasua. Nikakaa chini nyuma ya jiko, miguu imenyooka, nikawa nachomoa nyama moja moja kwa vidole, utomvu unaning'ang'ania mpaka kwenye viwiko.

Bibi akaita. "Koleta!"

Nikajua amesikia harufu. Atataka apewe, na akipewa mama atajua, na mama akijua mjomba atajua. Nikanyamaza. Akaita mara ya pili, kwa sauti iliyopanda kidogo. Nikachomoa nyama nyingine. Mara ya tatu sauti ilikuwa ya chini, na aliniita kwa jina la ubatizo pamoja na jina la ukoo, namna ambayo hakuwahi kuniita isipokuwa siku ya kunipeleka kanisani. Kisha kimya. Nami, na hili ndilo linalonichoma hadi leo, nilifurahi. Nilisema moyoni, "Afadhali amechoka."

Nilipoingia ndani jua lilikuwa limeshavuka paa. Bibi alikuwa ameugeukia mlango. Mkono mmoja ulikuwa umetoka nje ya kitanda, na kikombe cha bati kilikuwa sakafuni, udongo umeshakunywa maji yote. Nilijua na sikutaka kujua. Nikamfunika kanga mpaka kidevuni, kama amelala, nikatoka nikakaa kizingitini.

Mama alirudi na kapu tupu, amechangamka, ameuza vizuri.

"Bibi ameita?"

"Hajaita, mama. Amelala tangu ulipoondoka."

Aliingia. Alikaa ndani muda mrefu bila kutoa sauti yoyote. Alipotoka alinishika mikono yangu miwili, akaigeuza huku na huku. Utomvu ulikuwa umeshika vumbi, mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Akachukua mafuta ya taa kwenye kibatari, akanisugua kidole kimoja kimoja mpaka ngozi ikawasha. Akazunguka nyuma ya jiko, akakusanya maganda na makapi yote akayafukia chini ya mgomba. Akanawa. Ndipo akasimama katikati ya uwanja, akashika kichwa, akapiga yowe mpaka milima ikaitikia, na watu wakaanza kushuka kutoka kila upande.

Wakati ule nilidhani ameninawisha kwa sababu msibani mtu hatakiwi kuwa mchafu. Ilinichukua miaka, mpaka nikawa nami nina watoto, kuelewa kwamba mama yangu, na mama yake amelala ndani akiwa maiti, alianza kwanza kunificha mimi.

Tulimzika kesho yake. Katekista wetu, mzee mwembamba aliyetufundisha mafundisho ya komunyo ya kwanza, alisema pale kaburini kwamba Apolonia hakupotea, amelala tu, na kwamba ataamka kama Bwana alivyoamka. Wakubwa waliitikia amina wakipangusa machozi. Mimi nilimsikiliza kwa makini kuliko siku yoyote darasani, kwa kuwa alikuwa ametukaririsha Nasadiki kwa miezi mitatu na nilijua vizuri kabisa Bwana aliamka siku ya ngapi.

Tuliporudi nyumbani nikaona jambo lililonitia wasiwasi. Watu hawakuondoka. Walitandika mikeka na majani makavu ya migomba uwanjani, wanawake wakaweka masufuria makubwa mekoni, wanaume wakakoka moto. Nikamfuata mjomba.

"Mjomba, mbona hawaendi kwao?"

"Tumekaa matanga, mwanangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku ya tatu. Hatuwezi kuondoka kabla ya siku ya tatu."

Sikuuliza zaidi. Kumbe wote wanajua! Waislamu na Wakristo, wa mlima huu na wa mlima ule, wamekuja na mikeka yao kumngoja Bibi afufuke. Mtoto mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilikwenda kujificha nyuma ya nyumba. Nilijua atakapotoka huko, kitu cha kwanza ataomba maji, na cha pili ataniuliza, mbele ya watu wote hao, kwa nini sikuitika.

Rozari ya Bibi ilikuwa bado inaning'inia kwenye mguu wa kitanda. Niliichukua, nikajibanza kwenye kona, nikaanza kuzungusha punje. Nilipotakiwa kusema Salamu Maria nilisema, "Ee Mungu, Bibi asifufuke." Punje baada ya punje. "Ee Mungu, mwache huko huko." Nilimaliza mzunguko mzima nikaanza upya. Siku ile mpaka usiku, na siku ya pili yake kutwa. Mama mmoja wa jumuiya alinikuta hapo akawaita wenzake waje waone. "Tazameni mtoto huyu anavyomwombea bibi yake," akasema, machozi yakimtoka, na wengine wakapiga magoti pembeni yangu tukasali pamoja, wao wakiomba lao na mimi nikiomba langu.

Asubuhi ya siku ya tatu ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Wanawake walikuwa wanachochea moto, wanaume wanakunja mikeka. Nilikaa kizingitini nikitazama njia ya makaburini, inayopita katikati ya migomba. Nikaanza kupata matumaini. Kisha nikasikia kikohozi.

Kilikuwa kikohozi cha Bibi, kile cha kuvuta mara mbili na kumalizia kwa kuguna. Ikafuata fimbo ikigonga mawe. Likatoka kwenye ukungu gauni la Bibi la misa, lile la maua ya zambarau, na kanga yake imefunika kichwa mpaka machoni, mkono mmoja kiunoni kama alivyotembea siku zote.

"Koleta! Wewe Koleta! Mtoto huyu yuko wapi? Niletee maji, nimetoka mbali mimi!"

Niliinuka nikapiga kelele. Nikachota majivu ya moto uliozimika kwa mikono yote miwili nikamrushia. "Rudi! Rudi kaburini! Hatukutaki hapa! Rudi!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Watu waliokuwa wamelia siku mbili walishika mbavu. Yule aliyekuja akajitupa chini chali, miguu juu, kanga ikafunguka, na chini yake hakuwa Bibi. Alikuwa Bi Mwanaidi, mtani wa ukoo wetu. Ninyi mliokulia kwenye misiba ya kwetu mmeshajua. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu, anamwigiza anavyotembea na anavyogomba, ili wafiwa wacheke kidogo kabla ya kuanua matanga. Mimi msiba huo ulikuwa wa kwanza, na hakuna aliyefikiria kuniambia.

"Jamani, mjukuu ananifukuza!" Bi Mwanaidi aligaragara kwenye majivu. "Nimepanda mlima wote huu, hata maji sijapewa! Mwanamke huyu hana huruma!"

"Huyo ndiye kiboko yako, Mwanaidi!" mtu akapaza sauti. "Leo umepatikana!"

Mjomba alinibeba juu akanizungusha uwanjani. Kuku wa matanga alipoiva, ile firigisi ambayo kwetu mtoto haruhusiwi hata kuitazama, akaikata kwenye sahani yake akanipa mimi, mbele ya wazee. "Ale huyu," akasema. "Ametutoa machozi." Niliila. Nilikuwa nimemfukuza bibi yangu mara mbili, mara moja kwa kunyamaza na mara nyingine kwa kelele, na nikapewa firigisi. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni ameshika sahani, ananitazama, na nilipomtazama akageuza uso.

Hadithi hiyo ikawa mali ya ukoo. Ilisimuliwa kwenye harusi yangu, kwenye ubatizo wa wanangu, kwenye kila msiba tuliokutana. "Koleta aliyemrudisha Bibi kaburini." Kila aliyesimulia aliongeza chumvi yake, mpaka majivu yakawa maji ya moto na Bi Mwanaidi akawa amekimbia mpaka mtoni. Nami nilicheka. Nilijifunza hata kuimalizia mwenyewe, mahali watu wanapopenda, nikiigiza ile sauti yangu ya kitoto. Kabla ya komunyo ya kwanza nilipiga magoti kwa padri nikaungama kuiba sukari.

Nimekuwa Mkristo wa kuonekana. Ninasoma somo Jumapili, ninaongoza akina mama wa jumuiya, nikienda msibani mimi ndiye ninayeambiwa niwafariji wafiwa, na nina maneno. Ninawaambia watamwona tena. Ninawaambia kwa uso mkunjufu, ninawashika mabega, na wanatulia. Wao wanapoambiwa watawaona tena wapendwa wao, wanaona uso wanaoutamani. Mimi ninaona mkono uliotoka nje ya kitanda. Kwenye Nasadiki, tunapofika mwishoni, pale tunapokiri kuwa tunangojea ufufuko wa wafu, kwa miaka mingi nimekuwa nikikohoa, au kutafuta leso, au kumwinamia mtoto ambaye hana shida yoyote. Nimeungoja ufufuko kama mwanafunzi anavyongoja matokeo ya mtihani ambao aliacha karatasi nyeupe. Siyo kwamba sisadiki. Ningekuwa sisadiki ningelala vizuri.

Mwaka jana kifua kile kile kikamshika mama. Nilimteremsha kutoka Matombo nikamleta hapa Bigwa, chumba chenye dirisha linalotazama mlimani. Mama hakuwa mtu wa kuitaita, lakini kila alipoita nilifika kabla hajamaliza jina. Niliacha chapati zikaungua. Niliacha wageni sebuleni. Watu walinisifu kwa kumtunza mama, binti zangu wakaambiwa wajifunze, na sikuthubutu kuwaambia kwamba nusu ya mbio zile zilikuwa hofu.

Alasiri moja, tumeshakula, nyumba imetulia, akaniita.

"Abee, mama."

"Kaa."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa anatazama mlima.

"Siku ile aliita mara ngapi?"

Hakusema siku ipi wala nani. Hatukuwahi kulizungumza, si mara moja, kwa umri wangu wote. Nilisikia uso unaniwaka kama mtoto.

"Mama, mambo ya zamani hayo, pumzika kwanza."

"Nimekuuliza mara ngapi."

"Tatu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea chenji iliyotimia. Nikaona nikinyamaza hapo sitasema tena kamwe, nikamwaga yote. Nilikuwa nyuma ya jiko, nilikuwa nakula fenesi la mjomba, nilimsikia mara zote tatu, nilinyamaza makusudi, na aliponyamaza nilifurahi. Nikamwambia na yale ya rozari. Nilipofika kwenye rozari nililia, kilio cha aibu kabisa, kamasi mpaka mdomoni.

"Ya rozari sikuyajua," mama akasema. Akakohoa, nikamwinua, nikamnywesha maji, nikamlaza tena. "Padri ulimwambia?"

"Hapana."

"Miaka yote hii unapokea komunyo?"

"Ndiyo, mama."

Akaguna. Mimi nikamuuliza kile nilichobeba tangu siku ile ya mafuta ya taa: kama alijua, kwa nini hakuniuliza wakati ule?

"Ningekuuliza ungeniambia," akasema. "Na ungeniambia ningekuwa na mtoto aliyemwacha mama yangu afe peke yake. Mtoto nilikuwa naye mmoja tu. Sikutaka kuwa na huyo."

Nilishindwa kumtazama. Nilitazama mikono yangu, nikaona haya, nikaificha kwenye kanga. Alifumba macho mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akanishika goti.

"Sikiliza, Koleta. Mimi nakwenda kwa mama. Nikifika nitamwambia. Nitamwambia yote, na hilo la rozari pia. Siku mtakayoonana utakuta yameshasemwa, usije ukawa unapita pembeni pembeni huko."

Hapo ndipo ningepaswa kusema hapana. Mwanamke mzima, kiongozi wa akina mama, mfariji wa wafiwa wa mtaa mzima, ningesema, "Mama, usinisemee, nitasema mwenyewe." Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Mwambie nilikuwa mdogo."

Mama akafumbua macho akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza alasiri ile.

"Hilo," akasema, "utamwambia wewe."